Lala Salma

Binti wa kaka yangu, Mwanamgeni, ana simu ya macho matatu.
Alasiri hunitandikia kitambaa cheupe barazani,
hapa Ngamiani, barabara ya kumi na saba.
"Shangazi, foronya weka hapa. Mkono utoe."
Mkono nikautoa, na kovu lake la pasi.

Ukutani nyuma yangu pana ufa
unaoshuka kwa kujipinda kama mto Zigi kwenye ramani.
Akaupitishia kidole, ukafutika.
Nyumba yangu ikapona bila fundi, bila saruji.
Akafuta kivuli cha baiskeli ya jirani,
akafuta nzi,
akafuta uzi uliochomoza kwenye waridi,
na foronya ikatoka humo imenyooka
kama haijalaliwa wala haitalaliwa,
kama imedariziwa na mtu asiyeumwa kiuno.

Vidole gumba mia tatu, kabla ya magharibi.
"Umeona?"
Nimeona. Nikageuka nyuma.
Ufa upo.

Jumanne umeme ukakatika.
Nilikuwa na oda ya bibi harusi wa Chumbageni:
LALA SALAMA, uzi mwekundu, mshono wa mnyororo.
Nikashonea tochi ya kile kisimu changu cha vitufe,
jicho kwenye kitambaa, akili kwenye maharage.
Asubuhi nikasoma:
LALA SALMA.
Herufi moja imeliwa na giza.

Nikaiweka kando niifumue baadaye.
Lakini Mwanamgeni siku hiyo ana haraka, bodaboda inampigia honi,
akapiga picha kila kilichokuwa mkekani
akazirusha hivyo hivyo, hazijanawa uso:
ufa, nzi, kovu langu, na ile.

Wakacheka.
Watu hucheka vizuri wakiwa mbali.
Mmoja akauliza, huyo Salma kakukosea nini, bibi?
Mwingine akanifunza silabi, sa, la, ma,
mimi niliyefundisha madrasa miaka kumi na moja.
Sikula vizuri mchana ule, nakiri.

Saa nne usiku ukaingia ujumbe kutoka Pongwe.

*Naitwa Shekiondo. Niko zamu ya usiku kiwandani.
Mwanangu ni Salma, ana miaka minne.
Natoka nyumbani akiwa bado anacheza,
narudi kashaamka.
Hiyo niuzie mimi. Usiirekebishe.*

Nikaisoma tena foronya, kwa sauti safari hii,
nikapumua kidogo katikati, pale pasipo na mkato:
Lala, Salma.
Kumbe nilikuwa nimeandika barua
na sikuijua anwani.

Basi tena! Wakaja wengine.
Duka moja la Raskazone likataka kumi,
makosa kumi, kwa bei ya jumla.
"Shangazi, kosea tena," Mwanamgeni akanibembeleza.
Nikajaribu, wallahi. Nikazima taa kwa makusudi,
nikabandika maharage,
nikakaa palepale, sindano ileile.
Mkono ukageuka mwanafunzi wa mbele darasani:
SALAMA, SALAMA, SALAMA,
herufi zimejipanga kama askari wa gwaride.
Kosa la kuagizwa halikolei.
Yule wa duka nikamrudishia arubuni yake.

Bibi harusi alipata yake iliyo sahihi, kwa wakati.
Alisema nzuri. Ni nzuri.

Ijumaa Shekiondo akatuma picha.
Imetikisika, giza tupu upande mmoja,
neti imeziba nusu ya kitanda,
kichwa cha mtoto kimelala juu ya LALA yote,
mdomo wazi,
na ile M imelowa udenda.

Mwanamgeni akanyoosha kidole aing'arishe.
Nikamshika mkono, taratibu.
Ulikuwa na doa la wino, karibu na kucha,
sikuwahi kuliona.