Moja Mkononi

Ghorofa ya sita, mtaa wa Boedo, Buenos Aires.
Bafu letu ni mita mbili kwa moja na nusu.
Nimelipima mara tatu kwa futi ya chuma
na mara moja kwa hatua za mama,
ambazo siku hizi ndizo kipimo cha kila kitu.

Mguu wake wa kushoto haupandi tena
ukingo wa beseni la kuogea.
Jumapili nilimkuta amekaa pale ukingoni,
taulo begani, kama abiria
aliyeambiwa safari imeahirishwa.
"Napumzika tu," alisema.
Maji yalikuwa yamepoa.

Basi nikafungua daftari.

Kubomoa. Kushusha kifusi kwa ngazi,
maana lifti ni ya watu, si ya matofali,
kasema Otilia wa kamati ya jengo,
na nyundo ni saa tatu hadi saa saba, Jumamosi hapana.
Vigae vyeupe, mita kumi na nne
na moja ya akiba, kwani kigae hupasuka
hata kikitazamwa vibaya.
Bomba la shaba? La plastiki.
Mlango wa kioo? Pazia.
Mtu hujikuna ajipatapo,
na mkono wangu mfupi.

Naandika kwa penseli. Huku bei haiandikwi kwa wino.
Jumatatu kigae kina bei yake,
Alhamisi muuzaji anafuta ubao kwa mkono wa shati,
anaandika upya bila kunitazama:
"Hiyo ni ya leo."
Ndiyo maana akiba yetu ni dola,
zimekunjwa ndani ya kopo la biskuti
nyuma ya pasi mbovu.
Usiku mama huzihesabu
akidhani nimelala.

Kwenye bide tuligombana.
Nilisema tuiondoe, tupate nafasi ya kigoda.
Akasema, "Nimezaliwa nyumba yenye bide,
nitafia nyumba yenye bide. Sisi ni watu au ni nini?"
Nikafuta kigoda. Nikafuta na taa ya kioo.
Nikaandika: bide, ileile, isogezwe sentimita ishirini.
Fundi Ponciano akacheka mpaka akakaa.
Sentimita ishirini ni bomba jipya,
na bomba jipya ni sakafu nzima.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema.
Sisi ufa tuliuziba kila mwaka
na bado tunajenga ukuta.

Jumanne, saa tatu na dakika moja, nyundo.
Vigae vya kijani vya tangu sijazaliwa
vikaanguka kama magamba,
na nyuma yake, juu ya plasta, penseli:

260
145
80
na mstari, na chini yake 385.

"Si mwandiko wa baba yako," alisema mama.
Alikuwa amesimama kwenye vumbi na viatu vya ndani,
yeye aliyekaa miaka thelathini na moja
kwenye kaunta ya duka la mikate.
Midomo ikasogea kidogo.
"Mia nne themanini na tano.
Aliandika nane, akaisahau ile moja mkononi."
Akanyamaza. "Nasi tukamlipa alivyoandika.
Nakumbuka tulifurahi kwamba ni rahisi."

Alienda jikoni. Nikasikia kopo.
Akarudi na noti moja, akamkunjia Ponciano kiganjani.
Ponciano akasema, "Bibi, sijamaliza hata ukuta."
"Si yako," akasema mama. "Ishike tu."

Jioni nikakuta mstari mpya daftarini,
chini ya simenti, juu ya pazia:
deni la zamani.
Aliuandika kwa wino.

Bajeti imezidi. Vigae vinakuja Ijumaa,
bei ikikubali.
Mpaka hapo tunaoga kwa Otilia, ghorofa ya nne,
ambaye beseni lake lina ukingo mrefu kuliko letu.
Mama anashika bega langu,
anahesabu mpaka tatu,
anapanda.