Stakabadhi ya Moyo

Wameuleta Jumatatu, kabla ya sala ya adhuhuri,
wapanda farasi watatu na karani mwenye mafua.
Kikasha cha bati, kama kile tunachowekea chumvi,
kimezibwa kwa nta nyekundu, muhuri wa nguruwe mwitu.
Karani akakohoa, akasoma wosia kwa Kilatini cha kuungaunga:
mifupa iende Valmorin, kwa baba zake;
utumbo ubaki Narbona, homa ilikomwangusha;
na moyo, moyo wa Bwana Amauri, wa nne wa jina hilo,
wapewe watawa wa Sent-Osani
pamoja na ratili kumi na mbili za nta kila mwaka
na haki ya mikunga kwenye kinu cha chini.

“Mama Mkuu, tia sahihi hapa.”

Nimeshika unyoya. Wino unanikaukia nchani.

Miaka kumi na minane nililala ubavuni mwake.
Huu moyo niliusikia usiku mmoja tu,
farasi wake wa kijivu alipovunjika mguu.
Niliweka sikio kifuani pake, ukawa unapiga
kama mtu anayebisha mlango
akiomba usifunguliwe.

Nilimzalia mabinti wanne.
Basi wanasheria wakaufunua mti wa ukoo mezani,
wakahesabu kwa vidole kama wauza mayai:
babu wa baba yangu, nyanya wa baba yake,
ndugu wa ziwa moja.
Maharimu, wakasema.
Mavi ya kale hayanuki, lakini wale
walilipwa kwa pua.

Talaka hapana, Kanisa halina talaka.
Ni kwamba ndoa haikuwapo.
Haikuwapo!
Na Aliksi wangu, aliyekufa ana meno sita,
yeye alikuwapo wapi?
Nilimuuliza Baba Askofu. Alikuwa akimenya peasi,
ganda likining'inia refu, halijakatika.
“Mwanangu,” akasema, akiliangalia ganda, “ni sheria.”

Akaoa kitoto cha miaka kumi na mitano
chenye ngome mbili na kikohozi.
Mrithi akapatikana. Leo ana miaka mitatu,
na ami zake tayari wanamtazama
kama mbwa watazamavyo mfupa ulio mkononi mwa mtu.

Mimi nililetwa hapa na nyumbu mmoja na shuka mbili.
Tuko thelathini na mmoja.
Mabinti waliozidi, wajane wenye mashamba matamu,
mmoja kiwete, mmoja aliyemcheka mchumba wake hadharani.
Koo kubwa zikishagawana,
salio huletwa kwetu.
Wachache tulikuja kwa ajili ya Mungu.
Wengine tulimkuta hapa hapa,
naye, nadhani, hakutushangaa.

Sista Hodierna wa sakristia, macho yake yana ukungu,
amekipokea kikasha, akakitikisa sikioni.
“Chepesi, Mama. Una hakika umo?”
Karani akajifanya anapenga kamasi.

Hakika sina, Hodierna. Sijapata kuwa nayo.

Nimeandika hivi:
Nimepokea kikasha kimoja, muhuri mzima.
Kilichomo sikukihakiki.
Nta tutapima kwa mizani yetu.
Aldegonda, kwa neema ya Mungu mama wa nyumba hii.
Karani alikuwa ameandaa neno “mjane” pembeni.
Nimelifuta kwa kisu, taratibu, ngozi isitoboke:
asiyeolewa hafiwi na mume,
nami ni mtu wa sheria siku hizi.
Kisha nikampa asali kwa ajili ya koo lake.

Wameuweka ukutani, upande wa kaskazini,
chini ya dirisha lililovunjwa na mvua ya mawe.
Usiku, baada ya sala, nimepita pale na mshumaa.
Chokaa bado mbichi.
Sikio sikuweka.
Niliweka kiganja tu,
kuangalia kama imeanza kukauka.