Swali la Kumi na Nne

Je, maji ya kisima chako ni matamu?
Moja, ndiyo. Mbili, hapana. Tatu, sijui.
Bi Barke akafuta mikono kwa kanga, akajibu:
"Kwa kufulia, matamu. Kwa chai, yana neno.
Kwa kuosha maiti, hayajamkataa mtu."

Hapakuwa na kisanduku cha maiti.
Nikatia mbili.

Nyumba mia tatu na kumi na mbili, toka Mkomani hadi Gadeni,
na safu yangu ikanyooka kama safu ya sala.
Safu huona mbali. Bila yake ningeapa
kwamba kiu ya Langoni ndiyo kiu ya mji mzima.
Lakini haijui kuwa ndoo ya Bi Barke ina kiraka cha lami.

Kipima chumvi, kijiti chenye jicho jekundu,
kilisema mbili nukta tisa, bila kumwonea mtu haya.
Hakidanganyi.
Ila nilikitumbukiza saa tatu, maji yamekupwa;
saa tisa, bahari imejaa, kisima kilekile
kilisema nne nukta sita,
nami nilikuwa nimeshaandika.

Picha ya setilaiti: mapaa, mapaa, mapaa.

Daftari la zahanati lina miaka ishirini ya matumbo ya watoto.
Themanini na saba umeliwa na mchwa,
na mchwa hawakupiga kura:
walianzia palipolowa.

Kinasa sauti kilichukua yote, hata punda wa jirani.
Kikaenda Nairobi kuandikwa, maneno yakarudi:
"Mayai ya kisima yalikuwa matamu zamani."
Mai, jamani. Mai!
Nikacheka, kisha nikasikiliza tena.
Zamani ipi? "Enzi za marehemu," asema,
na sauti yake inalainika hapo.
Ni maji yaliyogeuka,
au ni kuyateka peke yake?
Kinasa hakijui. Sidhani kama yeye anajua.

Juma lililopita ripoti ilitoka. Wastani: tatu nukta saba.
Katika visima vyote nilivyopima
hakuna hata kimoja chenye tatu nukta saba.

Nikampelekea nakala. Akaipekua akitafuta picha,
akaiweka chini ya birika, akanimiminia.
Tangawizi nyingi, sukari nyingi,
na chini kabisa, penye majani,
kitu nisichokuwa na namba yake.

"Umeonja sasa?"
Ulimi mmoja hautoshi, Bi Barke, nikamwambia.
"Basi walete wenzako,"
akasema, akainuka kutafuta vikombe.