Saa ya Enid

Barua ya Shirikisho imefika Clitheroe
na muhuri, na nembo, na ada ya paundi arobaini:
mtunza saa asiye na cheti
asiguse saa.

Enid Hargreave ameishika miaka thelathini na mmoja,
mvua ikimchapa, vidole vikifa ganzi.
Klabu haijamlipa hata soksi, wala hajadai.

Jumapili alfajiri meza ya chai inayumba.
Anaikunja barua mara nne,
anaipachika chini ya mguu mfupi.
Meza inatulia.

"Tatu, mbili, moja."
Corin anazama kwenye ukungu,
mnyororo wa baiskeli ukilia.

Huko mjini ofisi zimefungwa.
Nani mwingine angeamka saa kumi
kuhesabu sekunde za watoto wa watu?