Mkono wa Kushoto

Kiti kimefika kwa toroli, kimelowa mvua ya Svendborg:
msaji wa mwaka hamsini na nane,
mikanda ya mpira imekakamaa kama biskuti,
skrubu mbili hazipo,
mkono wa kushoto haupo.

Ragnhild anakwangua vanishi. Hasemi.
Msaji anao, randa anayo, kipimo kiko ukutani;
pacha wake angeutoa kabla ya chai.

Ila mkono wa kulia una kibonde,
pale gumba la baba lilipokuwa likisugua
kila barua ya benki ilipofika.

Kibonde hakichongwi.

Basi anachonga wa mwaloni, mweupe, mgeni kabisa,
anaupaka mafuta, anaukaza kwa skrubu za chuma,
anaketi.
Bahasha iko mezani, haijafunguliwa.
Gumba lake la kushoto limeshaanza.