Kuvuta

"Je, mama aliwahi kuvuta?"
Daktari anauliza bila kuinua macho,
kalamu juu ya kisanduku kidogo
kinachotaka ndiyo au hapana.

Hapana. Sigara, hapana.
Lakini neno hilo, daktari, kwetu limebeba mizigo mingi.

Alivuta kamba ya kisima kule Katuba
miaka ile bomba lilipokauka.
Alivuta mkokoteni wa makala, magunia matatu,
mimi nikisukuma nyuma, meno tu ndiyo meupe.
Na saa kumi za usiku, jikoni kusiko na dirisha,
mvua ikipiga, mbabula katikati ya miguu yake,
aliyapuliza makaa hadi yafungue macho,
na kila alipopuliza ilimbidi avute.
Pumzi haiendi upande mmoja.
Mikate ya mafuta ilikwenda sokoni ikinukia.
Moshi ulibaki nyumbani, haukuwa na mnunuzi.

Baba ndiye aliyevuta. Mzee Mukalay wa tanuru la pili,
pakiti nzima kwa siku, hata kitandani,
akiitazama dari kama mtu anayesoma barua.
Ana miaka sabini na sita.
Hukohoa asubuhi tu, taratibu,
kama mgeni anayebisha hodi kwa heshima.
Yeye alivuta wa kwanza; mama, ubavuni pake,
akavuta uliobaki.

Na ovaroli la baba: mama alilikung'uta mlangoni
kabla ya kulitia kwenye beseni.
Vumbi la shaba lilisimama juani likimetameta,
pamoja na vitu vingine vinavyosafiri na shaba bila tiketi,
nasi watoto tukalipigia makofi.

Tena paa. Nyumba ya kambi, paa la asibesto.
Kabange, pacha wangu, alilitoboa apitishe waya wa antena;
unga mweupe ukatua juu ya bukari.
Mama akaupuliza. Tukala.

Daktari anaandika, anafuta.
Karatasi yake haina nafasi ya paa.
Anainua picha ya kifua kwenye mwanga wa dirisha:
doa, ukubwa wa sarafu,
na nyuma yake, nje, bomba refu la kiwanda
linalopiga mstari juu ya Lubumbashi.

"Sigara ndiyo mkosaji mkubwa," anasema,
"hilo halina ubishi. Mengine huja kimya,
huchanga kama watu wa msiba,
kila mmoja na faranga zake.
Mwishoni huwezi kujua
ni noti ipi iliyotimiza bei ya jeneza."
Halafu anaona aibu kwa neno jeneza.

Ukumbini mama anauliza: alitaka nini?
Kama ulivuta.
Anacheka, kicheko kinageuka kikohozi,
anakisubiri kipite, amenishika mkono.
"Kyungu, mwambie nilivuta. Niliwavuta nyote sita
hadi mlango wa shule, na mmoja wenu alikuwa mzito."

Jioni nimeitoa mbabula uani.
Kabange amesimama mlangoni, sigara sikioni,
hajaiwasha bado.
Simwambii kitu.
Ninaingia jikoni na patasi na nyundo,
ninachora mraba ukutani kwa kipande cha kaa,
ninafunga kitambaa puani
na kugonga tofali la kwanza.