Iache Kwanza Ipate Joto

Tuliinunua kwa mwanamume mmoja wa Transcona,
dola tisini, padi moja, waya umefungwa kwa mpira wa nywele.
Tukaipakata ndani ya basi, mimi na Mugisho,
tumeiviringisha kwenye sweta langu la kazini.
Winnipeg siku hiyo ilikuwa thelathini na moja chini ya sifuri,
baridi ya kugandisha kope ukipepesa.

Viatu hajavua, plagi iko mkononi.
Nikamwambia: iache.
Yule bwana kasema saa tatu mezani, isiguswe.
Kitu kikitoka baridini kikaingia penye joto
hutoka jasho kwa ndani, wala hulioni.
Ukiwasha, umekiua.

Mugisho akaizunguka kama paka na sufuria ya dagaa.
Nami nikakaa, nikawaza:
sisi tulipotua hapa, Januari, kandambili za kambini miguuni,
nani alituacha mezani saa tatu?
Tuliwashwa siku ile ile.
Sahihi hapa. Kidole hapa. Jina la ukoo kwanza, mama, la ukoo.
Na jasho lilikuwemo.
Waya wa babake Mugisho uliungua majira yale.
Yuko Calgary. Hupiga simu sikukuu.

Basi, nikaleta mswaki mpya, laini.
Vumbi nalijua, ndilo linalonilipia kodi,
usiku tano kwa wiki, wadi ya nne, hospitalini.
Nikayapitia matundu ya hewa moja moja:
manyoya ya mbwa, ganda la alizeti,
nusu ya stika, nyota, ya mtoto nisiyemjua.
Mugisho akataka kupuliza kwa mdomo.
Mate nayo maji, mwanangu. Tulia.

Ilipong'aa nikaitandikia kitambaa changu cha kufuma,
kile cha waridi, kilichovuka mipaka miwili nami.
Akakishika pembeni kwa vidole viwili, kwa adabu,
akakiondoa.
“Mama, inapumulia hapo juu.”

Saa mbili usiku tukawasha. Ikaguna, ikawa buluu.
Kisha: sasisho. Gigabaiti arobaini na moja. Usizime umeme.

Usizime umeme!
Nyumba hii umeme wake ni wa kubembelezwa:
sisi huku chini tukipasha maji, Mzee Ernesto juu akipasha wali,
swichi inaruka, wote kiza.
Nikapanda ngazi na kanga begani, nikabisha.
“Tafadhali, wali wako usubiri. Mashine inajifunza.”
Kiingereza changu kikaishia hapo.
Akanitazama, akaitazama sahani,
akashuka nayo hivyo hivyo, wali baridi, samaki mkavu kando,
akaketi kwenye ndoo ya rangi iliyofudikizwa,
tukautazama ule mstari, watu watatu, kama wanaosubiri matokeo.

Kumi na tisa. Arobaini.
Sitini na tatu.
Sitini na tatu.
Sitini na tatu.

Mugisho akasema imekwama, tuchomoe, turudishe.
Ernesto akatikisa kichwa, mdomo umejaa.
Nami nikakumbuka faili letu, miaka sita juu ya meza ya mtu,
kila tukiuliza: linashughulikiwa.
Hatukuchomoa. Tungechomoa nini?

Mtoto akalala kwenye zulia, padi tumboni.
Mzee akaaga kwa mkono, akapanda na sahani tupu.
Saa sita na dakika saba, bila mbwembwe, mstari ukajaa,
ikajizima yenyewe, moyo ukanipiga,
ikarudi.

Karibu, ikasema, kwa lugha ya watu. Jina lako?

Sikuandika la Mugisho, hilo ni lake, ataliandika kesho.
Wala langu sikuandika.
Nikabonyeza ilale, nikangoja taa iishe kupepesa ndipo nikaondoka,
kwa maana yule bwana alisisitiza: usichomoe taa ikipepesa.
Juu nikasikia mlio wa maikrowevu.
Swichi haikuruka.

Kitambaa cha waridi nikamfunika nacho mtoto miguu,
kikamfika hadi magotini tu.